Filamu Mbovu Kabisa za Hadithi za Stephen King: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Mgeni akija kwenye mjadala wetu wa Jumamosi hapa Kisumu, maswali yake huwa ni yale yale, na tukimaliza kuyajibu chai imepoa na wa Nakuru ameshaanza kuulizia matatu ya kurudi. Ndiyo maana nimeyaweka hapa. Majibu mengi ni yangu. Pale wenzangu wanaponipinga, nimesema.

Nyinyi ni akina nani?

Wasomaji tu wa Stephen King, mwandishi wa hadithi za kutisha. Yuko fundi wa simu wa Kondele, yuko mwalimu wa fizikia anayetoka Kakamega, yuko dada anayeuza vitabu vya mtumba Nakuru, na yuko mama mmoja, mhasibu mstaafu, aliyemsoma King kutushinda sote. Hatuna mwenyekiti, hatuna ada, hatujasajiliwa popote. Kila mtu hulipa chai yake.

Kwa nini mnajadili mbovu badala ya nzuri?

Nzuri hazina ubishi. Nani atasimama kuipinga The Shawshank Redemption ya 1994, iliyoteuliwa kuwania Oscar saba? Nani atasema Kathy Bates hakustahili Oscar yake kwa Misery ya 1990? Watu wanaitikia, wanakubaliana, kikao kimekufa. Lakini itaje Dreamcatcher uone. Mtu akikueleza kwa nini filamu imemuudhi, hapo ndipo unapojua alipenda nini kitabuni.

Halafu bidhaa iko tele. King alizaliwa Maine, Marekani, mwaka 1947. Riwaya yake ya kwanza, Carrie, ilitoka 1974, na miaka miwili baadaye Brian De Palma alikuwa ameshaigeuza filamu. Tangu hapo Hollywood haijapumzika, na penye wingi pumba hazikosi.

Mnapima ubovu kwa kigezo gani?

Hapa ndipo tunapogawanyika. Mwalimu wetu wa fizikia ana kipimo chepesi: filamu ikitoka nje ya kitabu, ni mbovu. Huja na kitabu kilichojaa alama za penseli na kutusomea kurasa kwa sauti, hata asipoombwa. Kwa kipimo chake The Mist ya 2007 haifai, maana Frank Darabont aliubadilisha mwisho wote, ilhali King mwenyewe aliusifu mwisho huo mpya.

Fundi anapima kwa kutishika. Asipotishika, kesi imekwisha.

Mimi nina kipimo cha tatu. Hadithi za King huanza na watu: baba anayepigana na chupa, mke na mume waliochokana, mji mdogo ambamo kila mtu anaijua siri ya jirani na hakuna anayeisema. Zimwi huja baadaye, na hupitia kwenye ufa uliokuwapo tayari. Filamu mbovu ya King ni ile iliyolibakiza zimwi ikawatupa watu. Nikiwa natazama najiuliza, haya, majirani wako wapi? Kama hawapo, hata zimwi ligharimu mamilioni ya dola, mimi siko tena.

Kwa hiyo The Shining ya Kubrick ni mbovu? Si King mwenyewe aliichukia?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya mtu anayedhani amekunasa. Ni kweli King hakuipenda filamu ya Stanley Kubrick ya 1980; amewahi kuifananisha na Cadillac kubwa, nzuri, isiyo na injini. Ni kweli pia kwamba tuzo za Razzie, ambazo hutolewa kwa kazi mbovu, katika awamu yake ya kwanza zilimteua Kubrick kama mwongozaji na Shelley Duvall kama mwigizaji. Uteuzi wa Duvall ulifutwa 2022, zaidi ya miaka 40 baadaye.

Kubrick alibadilisha mengi. Kitabuni kuna vichaka vilivyokatwa kwa umbo la wanyama, na husogea usipovitazama. Yeye aliweka bustani ya vichochoro vya kupotea. Jack Torrance wa kitabuni, baba aliyeajiriwa kulinda hoteli na kuishi humo na mkewe na mwanawe, anashika nyundo ndefu ya mbao, Kubrick akampa shoka. Chumba 217 kikawa 237. Hallorann, yule mpishi, kitabuni anafika na kuwaokoa. Filamuni anauawa hata hajapumzika safari. Na hoteli, ambayo King aliilipua kwa boila lililosahauliwa, inabaki imesimama huku Jack akiganda kwenye theluji.

Lakini malalamiko makubwa ya King hayako kwenye shoka wala namba ya chumba. Alimwandika Jack akiwa mtu mwema anayeshindwa polepole, na alimwandika akiwa yeye mwenyewe mlevi, jambo ambalo amelikiri waziwazi. Jack Nicholson, anayemwigiza, anaonekana ameshaharibika tangu anapofanyiwa mahojiano ya kazi. Hapo Kubrick ana kesi ya kujibu. Hata hivyo siwezi kuiita filamu ile mbovu, kwa sababu nyumba ile imo: mke anayemwogopa mumewe, mtoto anayesikia yale wazazi wasiyoyasema.

Angalia upande wa pili sasa. Mwaka 1997 King aliandika mwenyewe skripti ya The Shining ya televisheni, Mick Garris akaiongoza, wakapigia picha kwenye hoteli ya Stanley huko Colorado, ile ile iliyompa King wazo la kitabu. Kila kitu kimerudi, mlevi anayejitahidi, boila, hata wanyama wa vichaka, ambao walichorwa kwa kompyuta za miaka hiyo. Mwalimu anaitetea kufa kupona. Mimi naiheshimu mpaka vichaka vinapoanza kutembea.

Basi mbovu kabisa ni ipi?

The Dark Tower ya 2017. Kundi halijakubaliana, lakini mimi sirudi nyuma.

Fikiria ukubwa wa mali iliyokuwepo. King aliianza kazi hii ujanani. Kitabu cha kwanza kikatoka 1982, cha saba 2004, na mwaka 2012 akaongeza kimoja cha kuingia katikati. Ni safari ya Roland, mpiga bunduki wa mwisho, kuuendea mnara unaoshikilia dunia zote. Lakini mnara peke yake haumfanyi mtu asome maelfu ya kurasa. Anasoma kwa ajili ya wale wanaookotwa njiani: Eddie, kijana mtumwa wa heroini, Susannah, mwanamke mweusi aliyekatika miguu, mwenye nafsi mbili zinazogombana ndani yake, na Jake, mtoto ambaye Roland alimwacha aanguke afe ili asimkose mtu aliyekuwa akimfukuzia. Wanakuwa jamaa moja. Na wewe msomaji, kila wanapocheka kando ya moto usiku, unakumbuka kwamba huyu kiongozi wao alishawahi kupima mtoto na mnara, akachagua mnara.

Filamu ina dakika 95. Eddie hayumo. Susannah hayumo. Dhambi ya kumwacha mtoto, ambayo ndiyo moyo wa kitabu cha kwanza, haimo. Tumepewa mtoto wa New York anayeota ndoto mbaya, Matthew McConaughey akiwaamuru watu waache kupumua nao wanakufa, na risasi nyingi. Kilichotuuma zaidi sisi wa huku ni kwamba Idris Elba, mtoto wa baba wa Sierra Leone na mama wa Ghana, alikuwa Roland kweli kweli, uso wake tu ulishabeba miaka yote ile ya kutembea, na sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Afrika Kusini. Tuliisubiri kama yetu.

Fundi hunijibu kwamba si mbaya, ni ya kawaida tu, angeitazama tena kwenye basi. Naam. Vitabu vinane, na kilichotoka ni kitu cha kutazama kwenye basi.

Na Maximum Overdrive? Kila orodha huiweka juu.

King alipochoshwa na kazi za waongozaji wengine, aliamua kuongoza mwenyewe, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Matokeo yake ni hii ya 1986, iliyotokana na hadithi yake fupi ya "Trucks". Dunia inapita kwenye mkia wa nyotamkia, mashine zinapata chuki, malori yanawazingira watu kwenye kituo cha mafuta huko North Carolina. Muziki ni wa AC/DC. Mashine ya soda inamuua kocha kwa makopo. King mwenyewe anaonekana mwanzoni, mashine ya ATM ikimtukana. Lori kiongozi limefungwa uso wa Green Goblin, adui wa Spider-Man, mbele.

Alikiri baadaye kwamba kipindi kile kokeini ilikuwa imemjaa kichwani na hakujua anachokifanya. Razzie zikamteua yeye na mwigizaji wake Emilio Estevez, na wote wawili wakashindwa na mwanamuziki Prince. Kuna sehemu moja isiyo na kicheko. Wakati wa kupiga picha, mashine ya kukata nyasi iligonga kipande cha mbao, vibanzi vikaruka, na mkuu wa wapiga picha, Armando Nannuzzi, akapoteza jicho. Alifungua kesi.

Sasa, mtu wa Nakuru hafundishwi kuogopa trela. Ukitoka mjini kuelekea Mau Summit unapita Salgaa, ambako malori ya kwenda Eldoret, Malaba na Busia hulala, na barabara ile imeua watu wengi kiasi kwamba jina lenyewe likitajwa kwenye matatu, abiria hunyamaza. Dada yetu wa vitabu ameipita mara nyingi. Kauli yake ndiyo uhakiki bora niliousikia wa filamu hii: trela lililokatika breki kwenye mteremko halihitaji chuki wala nyotamkia. King alikuwa na hofu hiyo mkononi, akaiacha izunguke kituo cha mafuta polepole ikipiga honi.

Watu nao hawamo. Ukiniuliza majina ya wahusika nitataja mmoja, kwa kubahatisha. Lakini hadithi yenyewe ilikuwa ya kurasa chache, hakukuwa na mengi ya kupoteza, na tukikosa la kutazama ndiyo tunayoirudia. Mbovu inayopendwa, tuiache hapo.

Mbona The Lawnmower Man haimo kwenye orodha yenu?

Tuliitoa baada ya ugomvi. Hadithi ya King inamhusu mwenye nyumba anayemkodi mtu wa kukata nyasi. Mtu huyo anavua nguo, anatambaa nyuma ya mashine akila nyasi, kwa kuwa bwana wake ni Pan, mungu wa Wagiriki wa kale. Filamu ya 1992 inamhusu mwanasayansi, Pierce Brosnan, anayemwongezea kijana mkata nyasi akili kwa kompyuta. Kilichobaki ni jina na mashine. King alienda mahakamani, na mahakama ikazuia filamu isitangazwe kuwa ni ya Stephen King.

Mama mhasibu ndiye aliyefunga hoja: huwezi kumshtaki mtu kwa kuharibu kitu ambacho hakukigusa.

Children of the Corn inaweza kumtisha mtu wa Kitale?

Kitabuni, ndiyo. Hadithi ilitoka 1977. Burt na Vicky wanakatiza Nebraska wakijaribu kuiokoa ndoa iliyokwisha kuoza, na wanagombana garini ukurasa baada ya ukurasa hadi wanamgonga mtoto barabarani. Wanaingia mji wa Gatlin, ambako watoto wamewaua watu wazima wote na kumwabudu Yule Atembeaye Nyuma ya Mistari ya mahindi. Vicky anataka waondoke. Burt hataki, na hataki hasa kwa sababu ni Vicky aliyesema. Wanakufa wote wawili.

Filamu ya 1984 iliwageuza kuwa wapenzi wanaoelewana vizuri, ikawapa watoto wawili wema wa kuokoa, ikawafikisha salama. Ile ndoa mbovu ndiyo iliyowaua kitabuni. Ukiiondoa, unabaki na mahindi.

Na hayo mahindi! Mwezi wa saba na wa nane, Trans Nzoia, yameshampita mtu kimo. Ukikata njia ya shamba jioni humwoni aliye hatua tano mbele yako, unasikia majani tu. Mtu aliyekulia huko hana haja ya kuongezewa chochote. Lakini waongozaji wakaona haitoshi, wakaweka kitu kinachokimbia chini ya ardhi kikiinua udongo, na mwenzetu wa Kitale akaangua kicheko: kwao huyo ni fuko, na fuko hutegwa.

Filamu za mfululizo huu zimepita kumi. Ile ya tatu, ya 1995, iliyapeleka mahindi Chicago. Charlize Theron yumo humo, sura ya kupita tu, jina lake halikuandikwa.

Cell je?

Muulize fundi, ukiwa na nafasi ya saa nzima.

Kitabu ni cha 2006: mlio unapita kwenye mitandao ya simu, na kila aliyekuwa na simu sikioni anageuka mnyama palepale. King hakuwa na simu ya mkononi wakati huo, na kitabu chenyewe kilijigamba hivyo. Mwaka uliofuata M-Pesa ikaanza hapa kwetu. Leo nitajie mtu Kisumu, kuanzia mama wa samaki wa Dunga hadi kijana wa boda boda, anayeweza kukaa saa moja bila kuigusa simu. Wazo lile lingetisha Kondele kuliko lilivyotisha Boston.

Filamu ya 2016 ina John Cusack na Samuel L. Jackson, na King alishiriki kuandika skripti. Aliubadilisha mwisho kwa sababu wasomaji walilalamikia ule wa kitabu. Kilio cha fundi ni kwamba baada ya vurugu za mwanzo pale uwanja wa ndege simu zinasahauliwa, halafu ni watu wanaotembea msituni. Kilio changu ni cha baba anayemtafuta mwanawe. Kitabuni unaihesabu kila maili pamoja naye. Filamuni unaambiwa tu kwamba ana mtoto.

Kwa nini hadithi fupi zake huharibika hivyo?

Chukua Night Shift, mkusanyo wa 1978 wenye hadithi 20. Humo ndimo zilimotoka "Trucks", "Children of the Corn" na "The Lawnmower Man". Humo pia ndimo ilimotoka The Mangler ya 1995, kuhusu mashine ya dobi ya kupiga pasi na kukunja shuka iliyoingiwa na pepo, na Graveyard Shift ya 1990, kuhusu panya wa kiwanda cha nguo. Hadithi ya kurasa ishirini ina tukio moja na pumzi moja. Ukitaka ifike saa moja na nusu lazima uijaze, na wajazaji wengi hujaza damu au askari polisi.

Riwaya nene zina ugonjwa wa kinyume. It ina zaidi ya kurasa 1,000, na The Stand, ilipotolewa nzima mwaka 1990, nayo ilipita hapo. Ukiibana riwaya ya namna hiyo, wa kwanza kukatwa ni majirani. Ndicho kilichoipata 'Salem's Lot ya 2024: haifiki saa mbili, mji wote unaliwa na popobawa wa Kizungu, yaani wafu wanyonya damu, kabla hujajua nani anaishi wapi. Ile ya televisheni ya 1979 ilipewa sehemu mbili, ikakaa kwanza na walevi wa mji, wazinzi wake na padri wake, na mpaka leo yule mtoto anayeelea dirishani akikwaruza kioo huwafanya watu wazima wafunge pazia. Aliyeiongoza ni Tobe Hooper. Aliyeongoza The Mangler? Tobe Hooper huyo huyo.

Zinazofaulu ni zile za katikati. Kitabu kimoja cha 1982, Different Seasons, chenye hadithi nne za urefu wa kati, kilitoa Shawshank na Stand by Me.

Dreamcatcher ina ubaya gani hasa?

Gari lilimgonga King mwezi wa Juni 1999 akitembea kando ya barabara, karibu afe, na kitabu hiki alikiandika kwa mkono akiwa bado na maumivu. Si kitabu chake bora, hata yeye hakipendi sana. Ila kina marafiki wanne waliofanya jambo moja jema utotoni, na hilo linakibeba. Filamu ya 2003 ilikuwa na Lawrence Kasdan kwenye kiti cha mwongozaji, na William Goldman, aliyeandika skripti ya Misery, kwenye karatasi. Ilikuwa na Morgan Freeman. Ikamgeuza Duddits, yule mwenzao mlemavu waliyemtetea, kuwa kiumbe wa anga za juu aliyejificha. Kwa hiyo wema wao wa utotoni ulikuwa kwa jini la kigeni, si kwa mtoto aliyeonewa. Sijawahi kuwasamehe.

The Langoliers?

Saa tatu za televisheni, 1995. Wazo zuri la ndege iliyoingia kwenye jana iliyobaki tupu. Kisha wala-wakati wenyewe wanatokea, na ni mipira yenye meno.

It ya 1990 ni mbovu au tunaikumbuka vibaya?

Nusu. Tim Curry kama klauni anayewawinda watoto ameharibu usingizi wa kizazi kizima, na watoto wote saba wana nyumba, wana wazazi, wana sababu ya kuogopa. Sehemu ya pili wakiwa watu wazima inashuka, na buibui, umbo la mwisho la klauni huyo, ni wa kuonewa huruma. Kitabuni buibui ni umbo ambalo akili ya binadamu inalifikia ikishindwa kulielewa jambo kubwa zaidi. Kwenye televisheni ni buibui. Andy Muschietti, aliyeitengeneza upya 2017 na 2019, naye alikwama pale pale.

Firestarter: ya zamani au mpya?

Mpya, ya 2022, ndiyo mbaya zaidi, na kundi zima linakubali, jambo la nadra. Ile ya 1984 angalau ina Drew Barrymore mdogo, akiwa mtoto anayewasha moto kwa akili tu, ambaye unaamini anaogopa uwezo wake mwenyewe. King hakuipenda hata hiyo. Kichekesho ni kwamba John Carpenter alipangwa kuiongoza ya kwanza akanyang'anywa kazi, na miaka karibu 40 baadaye akaitengenezea muziki ya pili. Muziki ndicho kitu pekee cha kusifia. Razzie wakaivuruga zaidi kwa kumteua mtoto wa miaka 12 kuwa mwigizaji mbaya. Watu waliwaka, Razzie wakaomba radhi, wakaweka kanuni kwamba wasiofikisha miaka 18 wasiteuliwe tena.

King mwenyewe hana lawama?

Analo fungu lake, na ni nono. Maximum Overdrive ni yake. Cell ameshiriki. Sleepwalkers ya 1992, ya paka na mama mwenye mapenzi mabaya na mwanawe, aliiandika moja kwa moja kwa ajili ya skrini, kwa hiyo hakuna kitabu cha kukisingizia. Upande wa utetezi: Pet Sematary ya 1989 aliiandika yeye, Mary Lambert akaiongoza, na sisi wote tunaipenda. Ile ya 2019 ilibadilisha mtoto anayekufa, ikamchukua dada badala ya mdogo wake wa kiume, na hapo mwalimu alitoka nje kuvuta hewa.

Muvi iliyotiwa maneno na DJ inahesabika?

Aliyekulia kwenye mabanda ya video anajua: muvi bila sauti ya DJ Afro au wenzake ilikuwa na chumvi pungufu. DJ anakusimulia kwa Kiswahili na Sheng, anawapa wahusika majina, anamtania adui, anakuonya kinachokuja. Kwa mjadala wetu haihesabiki, maana tunaweza kuwa tunamsifu DJ. Ila ninaamini kabisa kwamba Maximum Overdrive ikipata DJ mzuri itakuwa kazi ya sanaa.

Mabanda yalitufundisha pia kwamba steringi hafi. King haijui kanuni hiyo. Kwenye The Mist steringi anapona, na heri angekufa.

Huku tuna wakimbiaji wa usiku. Ya Maine yatutishe ya nini?

Swali zuri, na huulizwa zaidi na wazee. Kila kijiji Nyanza na Magharibi kina habari za jajuok: anatoka uchi usiku wa manane, anagonga milango, anarusha mchanga juu ya mabati. Ukimuuliza mtu nini kinamtisha humo, hasemi mchanga. Anasema asubuhi yake, pale unapokutana naye njiani kwenda sokoni, anakusalimia, anakuuliza watoto wameamkaje, na wewe unaitikia vizuri kwa sababu mji mzima unajua na hakuna anayesema.

Derry na Jerusalem's Lot, miji ya kubuni ya King, ni hivyo hivyo. Ndiyo maana mama mhasibu, aliyelelewa Siaya, alimwelewa King kuliko Wamarekani wengi wanaomtengenezea filamu.

Nije na watoto?

La. Bodi ya kuainisha filamu nchini ina alama zake, 16 na 18, na nyingi ya hizi ziko huko.

Vitabu mnavipata wapi?

Mtumba. Nakuru na Kisumu wauzaji wa barabarani huwa na King wa kutosha, majalada yamechakaa, mara nyingine kurasa za mwisho zimeng'oka. Hakikisha kabla hujalipa. Waliopata The Mist isiyo na mwisho huku filamu ina mwisho wake tofauti wametusumbua sana.

Naweza kuja na orodha yangu?

Njoo nayo, mradi kila filamu unayoiponda uwe umesoma kitabu chake. Kura inayosubiri sasa ni ya The Tommyknockers ya 1993. King mwenyewe amekiita kitabu hicho kibaya mno, na mwalimu anadai filamu mbovu ya kitabu kibovu ni filamu aminifu. Tunahitaji watu wa kumpinga.